Sala ya Njiani



Mwezi huu nataka kuungama kwenu jambo moja, maana nadhani si langu peke yangu.

Mwaka jana, siku za Kwaresima, nilipata habari kwamba mzee mmoja, Mkristo wa mtaa wetu aliyekuwa akiuguzwa kwa mwanawe huko Amani, amezidiwa, naye anataka kupokea Ushirika Mtakatifu. Nikapanda basi asubuhi pale Muheza. Njia ile mnaijua: mlima mrefu, na kona juu ya kona. Tulipoanza kupanda, basi likazimika. Dereva akasema, "Dakika kumi tu." Zikapita saa tatu. Kila tulipomwuliza kondakta, alitazama pembeni. Abiria wakaanza kunung'unika. Na mimi, badala ya kuwatuliza, nikawa kiongozi wao. Nilimwambia yule kijana maneno makali yasiyofaa kinywani mwa padre, tena padre aliyechukua Sakramenti Takatifu kifuani pake. Mama mmoja mwenye kikapu akanitazama, akasema kwa upole, "Baba, hata wewe?" Sikumjibu.

Nilifika kwa mgonjwa saa tisa alasiri. Baada ya kumwamkia tu, nikaanza kumsimulia habari za basi, ubovu wake na uongo wa wenye basi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole, Padre. Sasa umefika. Tusali."

Niliona haya. Yeye ndiye aliyekuwa kitandani miezi mingi, usiku hapati usingizi. Mimi niliyetumwa kumpelekea amani ya Bwana, nilikuwa sina hata kidogo.

Baada ya kumpa Ushirika nilimwuliza, "Mzee, usiku unafanyaje?" Akanijibu, "Namwambia Mungu, inauma. Halafu namtajia wanangu, mmoja mmoja, na wajukuu. Siku nyingine nawamaliza wote, siku nyingine usingizi unanichukua kabla." Alifariki kabla ya Pasaka. Maneno yake nimekaa nayo tangu siku ile, nami nataka kuyapima pamoja nanyi kwa Neno la Mungu.

Kwanza, alimwambia Mungu kwamba inauma. Wengi wetu tunafikiri kusali ni kusema maneno mazuri tu. Kwa hiyo tukiwa na hasira hatusali, tunangoja kwanza tupoe. Tazameni Zaburi ya 13. Mtunga Zaburi anamwuliza Mungu mara nne mfululizo jambo hili litaendelea mpaka lini. Hakungoja apoe. Alipeleka uchungu wake mahali panapostahili, na Zaburi ile ile inakwisha kwa kuimba. Manung'uniko niliyomtupia kondakta, ningaliweza kumpelekea Mungu. Mungu angaliyachukua bila kuumizwa nayo. Yule kijana aliumia.

Pili, usiku ule wa maumivu haukumfundisha mzee kusali. Alikuwa na mazoea ya kusali tangu zamani. Mkumbukeni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Siku moja mfalme aliona uso wake una huzuni, akamwuliza anataka nini. Nehemia alikuwa na hofu kubwa. Lakini katikati ya swali la mfalme na jibu lake mwenyewe, alimwomba Mungu wa mbinguni (Neh. 2:4). Ilikuwa sala fupi mno, wala hakuna mtu mle ndani aliyejua kwamba amesali. Lakini someni sura ya kwanza mwone: tangu mwezi wa Kisleu hata Nisani, yaani kama miezi minne, alikuwa amelia, amefunga na kusali. Sala ile fupi ilikuwa na mizizi mirefu. Asiyesali nyumbani kwake asubuhi, asistaajabu akikosa la kumwambia Mungu basi linapozimika.

Tatu, sala haikumwondolea mzee ugonjwa, lakini ililinda moyo wake. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anatuasa tusijisumbue, bali haja zetu tumpelekee Mungu pamoja na kushukuru, ndipo amani ya Mungu itakapoilinda mioyo yetu (Flp. 4:6-7). Neno lile la kulinda ni neno la kiaskari, la mlinzi aliye zamu langoni. Naye Paulo alipoandika hayo alikuwa mfungwa, ana askari wanaomlinda asitoke. Hakusema kwamba mlango wa gereza utafunguka. Alisema kwamba kuna Mlinzi mwingine, naye huzuia chuki na hofu zisiingie ndani.

Basi tusidanganyane. Amani ya Mungu haitengenezi injini ya basi. Maji yakikatika mtaani, tusali, kisha twende ofisini tukaulize. Kusali si kukaa kimya mbele ya uzembe. Lakini mtu aliyesali huuliza jambo lake bila kumtukana karani, na akirudi nyumbani hamalizii hasira yake kwa mkewe na watoto.

Nawaombeni tujaribu jambo moja mwezi huu. Unapopanga ndoo foleni na mtu akakupita mbele, umeme unapozimika chakula kikiwa hakijaiva, mtu uliyeahidiana naye asipotokea: kabla hujafungua kinywa, litaje Jina la Yesu, mwambie kinachokuuma, kisha mwombee mtu yule aliye mbele yako. Hayo matatu hayazidi pumzi chache. Na yawe na mizizi: Kitabu chetu cha Sala kimeweka sala ya kuomba amani asubuhi, na nyingine jioni. Tuzitumie zote mbili, maana amani ya jana haitoshi kwa leo.

Siku chache baadaye nilimkuta yule kondakta pale stendi ya Muheza. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akacheka kidogo, akasema, "Usijali, Padre, tumezoea." Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Ndugu zangu, wako watu wangapi ambao wamezoea hasira zetu sisi Wakristo? Tuwaombee hao kwa majina, na tukiwakuta, tuanze kuwazoeza jambo lingine.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyumbani na njiani.

Ni mimi, Padre wenu katika Kristo.