Mke wa Askari ni Mkazi wa Wapi?

Hapa Mbugangari, mtu akihamia hahesabiwi kuwa jirani mpaka kiongozi wa mudugudu amjue na aonekane kwenye umuganda. Ndiyo maana sheria moja ya Marekani ilinishangaza. Tangu 1968, muuzaji wa bunduki nchini humo haruhusiwi kumuuzia bastola mtu asiye mkazi wa jimbo lake. Askari, hata kama amefika jana, huhesabiwa mkazi wa jimbo alikopangiwa kituo. Mke wake (au mume, maana askari wanawake wapo) kwa miaka mingi hakutajwa. Ilimbidi athibitishe makazi yake kama raia yeyote. Tena mwaka 2009 sheria nyingine ilimruhusu kubaki na ukazi wa jimbo alilotoka kwa ajili ya kura na kodi. Basi mwenyewe yuko huku, karatasi zake ziko kule.

Je, ndoa impe mke kila ambacho amri ya jeshi ilimpa mume?

Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa hakuhama kwa hiari yake. Nakubali nusu. Katika ukazi mna kupokelewa na mna kuaminiwa. Shule ya watoto, kazi, matibabu: hayo apewe siku ya kwanza, kwani serikali iliyomhamisha mumewe ndiyo iliyomng'oa na yeye. Lakini silaha ni suala la kuaminiwa, na cheti cha ndoa hakishuhudii tabia ya mtu.

Sipuuzi hofu ya mwanamke anayelala peke yake mumewe akiwa zamu. Sisi wa mpakani tunaijua hofu. Januari 2025, vita vya Goma vilipopamba moto, risasi na makombora vilivuka vikaua watu hapa Rubavu. Ila sioni bastola ya nyumbani ingemkinga nani siku ile.

Nani basi amshuhudie mgeni, majirani? Nchini kwetu swali hilo ni zito. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, kujulikana na jirani kuliwaponza wengi, na kitambulisho chenye jina la kabila kilitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Ushuhuda wa jirani ni lazima upimwe na mamlaka inayoweza kuulizwa na kujibu, na kupima huko kunataka muda.

Hapo hoja yangu inamgeukia mume pia. Bunduki ya kambini jeshi humkabidhi na humnyang'anya. Bastola aliyoinunua dukani ni yake, na mtaani anakokwenda nayo hakuna anayemjua zaidi ya mkewe. Kama wawili hawa wanastahili usawa, na naamini wanastahili, ningeanza kwa kumtaka naye asubiri.