Saa Ikisimama, Iache Isimame?

Kuna kisanduku kinachouzwa kwa watu wenye saa za otomatiki. Ndani yake mna kijimto cha kuvishwa saa, na chini ya kijimto mna mota. Ukikichomeka kwenye stima, kijimto kinazunguka kidogo, kinatulia, kinazunguka tena, mchana na usiku. Kazi yake ni moja tu: kuidanganya saa kwamba imevaliwa.

Swali langu ni kama inafaa kuidanganya.

Najua utasema haya ni maswali ya matajiri. Hapa Mtwapa wengi wetu saa tunaiangalia kwenye simu, na stima yenyewe tunainunua kwa tokeni za shilingi hamsini. Lakini hebu vumilia kidogo. Swali hili limeingia hadi nyumbani kwetu, na limegawa watu wanaopendana.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine. Saa ya otomatiki haina betri. Ndani ina kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa, ambao siku zote unataka kukunjuka. Nyuma kuna bamba zito la nusu duara linalozunguka kila mkono unapotikisika. Ukitembea, ukinawa, ukiipungia matatu mkono, bamba linazunguka na kuikaza kamani. Ukiivua, saa inaanza kula akiba yake. Kwa saa nyingi za kawaida akiba hiyo ni ya kama saa 40 hivi, kisha akrabu zinasimama. Hakuna kilichoharibika. Ukiivaa tena inaendelea palepale ilipoachia, na kazi yako ni kuitia majira.

Mwingereza John Harwood alisajili hataza ya saa ya mkono ya namna hii miaka ya 1920. Lakini kwa sisi watu wa Pwani, aliyeileta nyumbani ni Mjapani. Seiko 5 ilitoka mwaka 1963, na baadaye ikawa saa ya baharia, ya mwalimu, ya karani wa bandari, ya mjomba aliyerudi kutoka Uarabuni. Nyingine siku zake zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, uchague mwenyewe. Kile kifundo cha ubavuni kimewekwa kwenye namba 4, ambayo sisi tunaisoma saa kumi.

Wauza visanduku wana hoja mbili. Ya kwanza ni mafuta: ati saa ikikaa bila kwenda, mafuta yaliyomo yanaganda. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Mafuta ya saa ya siku hizi ni ya kutengenezwa kiwandani, na yanazeeka kwa miaka, iwe saa inakwenda au imelala. Kwa vyovyote vile itabidi umpelekee fundi siku moja aifungue na kuisafisha.

Wanaopinga nao wana yao: ati ikizungushwa kila wakati kamani itakatika. Hapana. Kamani ya otomatiki ikijaa huteleza ndani ya pipa lake, haikazwi kupita kiasi. Linalotokea ni jingine. Seiko ya kawaida inapiga mara 21,600 kwa saa. Kwa siku nzima ni zaidi ya mara 500,000, na kila pigo ni chuma kinachosuguana na jiwe. Ukiiacha izunguke mwezi mzima kisandukuni, umetumia mapigo milioni 15 na hakuna aliyeisoma hata mara moja. Ni kama matatu iliyowashwa injini stejini bila abiria. Kilomita hazisogei, lakini injini inazeeka.

Hoja ya pili ni ya urahisi, na hiyo naiheshimu. Kuna saa zinazoonyesha siku, tarehe, mwezi, hata umbo la mwezi angani, na zikisimama kuzipanga upya ni kazi ya nusu saa na kitabu cha maelezo mkononi. Hata Seiko ya kawaida ina masharti yake: usibadilishe tarehe kwa kifundo kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa tisa au kumi usiku, kwa sababu wakati huo meno ya ndani yanajiandaa kuigeuza tarehe yenyewe, na ukilazimisha unaweza kuyavunja. (Yaani saa zilezile ambazo Mtwapa ndiyo inaamka.) Mtu mwenye vidole vinavyotetemeka, au macho yaliyochoka, akisema kisanduku kinamsaidia, mimi sina neno.

Tukishatoa hayo, linabaki swali lenyewe. Je, kuna ubaya gani kitu kikisimama?

Pwani inatufundisha kwamba jibu linategemea kitu. Dau likipandishwa ufukoni likakaa juani miezi mingi, mbao zinakauka, zinaachana, na pamba ya kalafati inalegea. Siku ya kulishusha majini linavuja. Mnazi unaogemwa ni hivyohivyo. Mgema anapanda asubuhi na jioni kuchonga ncha ya karara, na akiacha siku chache jeraha linakauka, utomvu unakatika. Dau na mnazi kupumzika kunavigharimu.

Vingine havidaiwi chochote vikipumzika. Kitabu kilichofungwa hakijafa. Sufuria iliyofunikwa haina njaa. Saa iko upande huu. Ikilala wiki mbili, au miaka miwili, itaamka ukiitikisa, mradi fundi alikuwa ameiacha safi. Kwa hiyo anayenunua kisanduku kwa sababu ya hofu anaichukulia saa kama dau, wakati saa ni kitabu.

Hofu hiyo inatoka wapi? Nadhani inatoka mjini. Sisi tunasoma mwendo kama uhai. Saa ikisimama tunasema imekufa. Kijana akisimama, vilevile. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, watu hawakuniuliza ninasoma nini sasa, au ninaandika nini. Waliniuliza, "Siku hizi uko wapi?" kana kwamba mtu asiyeonekana akielekea mahali amepotea. Mtwapa ni mji unaojisifu kwamba haulali, na mtu akiishi humo muda mrefu anaanza kuona aibu kulala.

Sisi tunaofanya kazi za mtandaoni tunaijua aibu hiyo kwa jina lingine. Kuna wateja wanaokuwekea programu inayopiga picha skrini yako na kuhesabu unavyosogeza kipanya. Ukikaa dakika kumi unafikiria sentensi, programu inaandika kwamba hukuwepo. Basi watu wamenunua kifaa kidogo kinachosogeza kipanya chenyewe ukiwa jikoni unapika chai. Kukiangalia kifaa hicho na kukiangalia kisanduku cha saa, ni ndugu.

Tofauti iko kwa anayedanganywa. Kwenye kipanya anadanganywa bosi, na kwa kweli amejitakia. Alitaka mwendo badala ya kazi, akapewa mwendo. Kwenye kisanduku, saa haina akili ya kudanganywa. Anayedanganywa ni mwenye saa. Anapita pale kabatini, anaona akrabu zinakwenda, anaamini kwamba anaitunza. Huenda hajaigusa tangu Ramadhani iliyopita.

Utaniambia: basi hata majumba ya ufukweni ni hivyo. Kuna watu wa Ulaya wenye nyumba huku kwetu, wanakuja Desemba, Machi wameondoka. Miezi yote iliyobaki pampu ya bwawa inazunguka, taa za bustani zinawaka, majani yanakatwa, na hakuna anayekaa. Si ni kisanduku kikubwa tu?

Nimelifikiria sana hili, kwa sababu nina rafiki ambaye babake ni soja kwenye nyumba ya namna hiyo. Kila asubuhi anafungua madirisha ili hewa ya chumvi isiozeshe mapazia, na jioni anayafunga. Hakuna anayemwona. Lakini mshahara huo ndio karo, ndio unga. Na yeye mwenyewe anaijua ile nyumba kuliko mwenyewe anavyoijua: anajua bati lipi linavuja, mlango upi unavimba wakati wa masika. Kwa hiyo mwendo ule, hata bila mwenyewe kuwepo, unapita kwenye mikono ya mtu, na unaacha kitu mikononi humo. Mota haiachiwi kitu. Ndipo nikaanza kuona kwamba suala langu halikuwa kusimama au kwenda. Suala ni nani anayeendesha.

Na hapo ndipo nifike nyumbani.

Babu yangu alifanya kazi Kilindini, na saa yake ilikuwa Seiko 5. Alipofariki, nyanya aliiweka kabatini juu ya kitambaa alichokishona mwenyewe. Kila siku baada ya swala ya alfajiri anaichukua, anaitikisa kwa mkono taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto, huku midomo ikimdua marehemu. Anamaliza, anairudisha. Seiko nyingi za zamani haziwezi kujazwa kwa kukizungusha kifundo, kwa hiyo ni ama uitikise, ama uivae.

Mwaka jana binamu yangu aliyeko Doha akaleta kisanduku. Kizuri, cheusi, kina kioo. Ikawa vita ya kimyakimya. Shangazi akasema, "Mama vidole vinamuuma, mwacheni apumzike." Ami akasema ni israfu kuilipia stima saa ya marehemu. Ukweli ni kwamba mota ile inakula stima kidogo mno, kwa hiyo ami tulimnyamazisha haraka. Hoja ya shangazi ndiyo iliyokuwa nzito. Imejaa huruma, na haina uongo.

Nyanya alisikiliza wote, kisha akauliza: "Haya, na mimi baada ya swala nitafanya nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kisanduku kingeiendesha saa vizuri kumliko. Lakini kuendesha saa ilikuwa ni kisingizio cha kukaa na mumewe dakika tano, na kisanduku hakijui kukaa na mtu.

Kuna wakati alilazwa hospitali wiki nzima, na saa ikasimama. Aliporudi aliniita niitie majira, kwa sababu kukivuta kile kifundo vidole vyake havimudu tena. Nilipanga siku, nikapanga tarehe, nikampa. Akaitikisa, akaiweka sikioni. "Haya, inakwenda," akasema, na hakuonekana kuhuzunika kwamba ilikuwa imesimama. Sisi vijana ndio tuliokuwa tumeogopa.

Nimejiuliza pia kama ninampendelea mtegemezi. Yaani, napenda asiwe na mashine ili aendelee kuniita, nijione mjukuu mwema. Ni hoja ya haki. Jibu langu ni kwamba uamuzi ni wake. Siku akisema amechoka, tuchomeke kisanduku, nitakichomeka mimi mwenyewe. Ninachokataa ni sisi kumwondolea kazi aliyoichagua, halafu tuiite huruma.

Na siku naye akiondoka? Hapo sitaki kisanduku kabisa. Saa inayokwenda ndani ya kioo, kwenye nyumba ambayo hakuna anayeitikisa, itakuwa inatuambia kwamba jambo fulani linaendelea wakati limekwisha. Afadhali isimame, ionekane imesimama, hadi mmoja wetu aseme anaitaka. Huyo aivae. Aende nayo kazini, aigonge mlangoni, aikwaruze. Hivyo ndivyo babu alivyoitumia.

Kwa msomaji mwenye saa moja, basi, sina ushauri mrefu. Ivae. Ikisimama Jumapili, Jumatatu utaipanga kwa dakika moja, na dakika hiyo haikuibii chochote. Kwa mwenye saa ya kalenda yote, au mwenye vidole vinavyouma, kisanduku ni chombo kama miwani, kitumie kwa raha zako. Lakini kwa mwenye saa kumi na mkono mmoja, anayehitaji mashine tisa za kumsaidia kuvaa, mimi naona jawabu la bei nafuu zaidi lipo. Ana mpwa aliyepata kazi yake ya kwanza mwezi huu. Ana jirani. Ana fundi, ana mlinzi. Ampe mmoja wao saa moja.