Fimbo na Gogo

Je, yafaa kumpiga mnyama kwa sababu ya tendo aliloumbwa alitende? Wengi watajibu upesi, "Hasha, haifai." Lakini paka wa nyumbani akinoa makucha katika kiti hata nyuzi za kitambaa zikaning'inia, jibu hilo husahauliwa, na fimbo hutafutwa.

Mimi nami nalifanya hivyo. Nalikuwa na kiti kimoja chenye mto, nilichokinunua kwa fedha ya akiba ya miezi mingi, na paka wetu akakichagua hicho. Nalimpiga mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Baada ya hayo hakukikwaruza tena mbele yangu, alingoja nitoke. Tena kila nilipoingia chumbani yeye alitoka dirishani. Basi nikaona ya kuwa fimbo imemfundisha neno moja tu, yaani kuniogopa mimi. Habari ya kiti hakujifunza.

Na tuangalie kwa nini paka hukwaruza. Si kwa kisasi, wala si kwa ukaidi. Kwa kukwaruza, ganda la nje la ukucha lililochakaa hutoka, ukabaki ukucha mpya mkali. Tena hujinyosha mgongo na mabega akiisha kuamka. Tena katika nyayo zake hutoka harufu tusiyoisikia sisi, bali paka wengine huijua; ni kama kusema, "Hapa ndipo kwangu." Mambo hayo hawezi kuyaacha, kama vile kuku asivyoweza kuacha kupekua.

Katika nchi nyingine wako watu waliompeleka paka kwa daktari wa wanyama aondolewe makucha. Lakini ukucha wa paka umeshikamana na mfupa, hauondoki ila kwa kukata kiungo cha mwisho cha kidole. Ndiyo kusema, kiti kimeokolewa kwa vidole vya mnyama. Jimbo la New York, huko Marekani, lilikataza jambo hilo mwaka 2019, likawa la kwanza katika majimbo ya nchi ile.

Iko njia iliyo bora. Nalitwaa gogo, nikalizungushia kamba ya katani, nikalisimamisha imara, maana likiyumba paka hulikataa. Urefu wake ulimtosha kujinyosha sawasawa akisimama kwa miguu ya nyuma. Wala sikulificha pembeni, bali naliliweka karibu na kile kiti, penye mazoea yake. Kila alipolikwaruza nalimpa dagaa mmoja papo hapo. Sikumshika miguu kumlazimisha, kwa kuwa hilo humtia hofu. Baada ya majuma machache alikiacha kiti mwenyewe, ndipo nikalisogeza gogo kidogo kidogo mpaka mahali nilipopataka.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, je, paka ndiye bwana wa nyumba, hata umtengenezee gogo lake?" La, kiti ni changu, na amri ni yangu. Lakini mwenye kukataza ana deni: akisema, "Si hapa," hana budi kusema pia, "Bali pale." Asiposema hivyo, yule aliyekatazwa hujifunza kujificha, au tabia yake njema hufa pamoja na ile mbaya.

Nilipokuwa nikilizungusha kamba gogo lile, nalimkumbuka mtoto mmoja wa darasa langu wa zamani, aliyechora ng'ombe ukutani kwa makaa. Ng'ombe yule alikuwa mzuri, hata pembe zake zilikuwa sawasawa. Nalimpiga mtoto. Hakuchora tena ukutani, wala hakuchora tena mahali popote. Ubao ulikuwapo siku ile, na chaki ilikuwapo mkononi mwangu, nisimpe.

Paka nimemlipa deni lake kwa gogo na kamba. Mtoto yule amekwisha kuwa mtu mzima, amekwenda zake, na deni lake lingali kwangu.