Ahadi ya Mtoto

Mtoto wa miaka kumi akisimama mbele ya wenzake akaahidi kulitumikia jambo umri wake wote, je, ameahidi? Swali hili laonekana jepesi mpaka mtu alishike.

Tarehe 19 Mei 1922 Wakomunisti wa Urusi waliunda chama cha watoto, Mapainia. Mtoto alitoa ahadi, akafungwa shingoni kitambaa chekundu chenye pembe tatu: ya wazee wa chama, ya vijana, na yake yeye. Akiambiwa awe tayari, hujibu kuwa yu tayari siku zote. (Wito huo ulitoka kwa Maskauti wa Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, basi mtu asidhani kuwa kuwafunga watoto ahadi kulizuliwa Moscow.)

Tuseme haki. Watoto wa mafundi na wakulima walipata muziki, sataranji, na kambi ya Artek kando ya Bahari Nyeusi, iliyofunguliwa 1925. Mzazi gani maskini asingeyatamani hayo? Wala hatusemi mtoto asifunzwe ila alitakalo. Sisi nasi tulipelekwa chuoni kabla ya kufahamu tusomacho, na twawashukuru waliotupeleka.

Basi tofauti i wapi? Twaiona katika kisa cha Pavlik Morozov, kijana wa Gerasimovka aliyeuawa pamoja na nduguye mdogo mwaka 1932. Ikaenezwa kuwa alimshitaki babake kwa serikali, na kwamba jamaa zake walimwua kwa sababu hiyo. Wachunguzi wa baadaye wameitilia shaka sana khabari hiyo, hata kule kusemwa kwamba alikuwa Painia. Lakini kwetu fundo si hilo. Fundo ni kuwa watoto kwa miaka mingi waliambiwa: kuweni kama yeye.

Hapa msomaji aweza kutuuliza, na ana haki: je, dini yetu haituamrishi kusema kweli hata juu ya wazazi wetu? Naam, yatuamrisha. Lakini amri hiyo yamwelekea mwenye kujua asemalo na litakalofuata. Mafakihi wetu wa Kishafii wameshurutisha shahidi awe baleghe, kwani mtoto husema ili apendwe na aliye mbele yake, na hajui gereza ni nini. Kumfunza mtoto ni jambo moja. Kumfanya jicho la dola katika nyumba inayomlea ni jambo jingine, hata kama babake ni mkosa kweli.

Huko China vitambaa vyekundu vingali vyavaliwa, tangu 1949, na Cuba wanao Mapainia wao tangu 1961. Urusi chama kile kilikwisha 1991, na sanamu ya Morozov ikaondolewa Moscow mwaka huo huo. Aliyeahidi mwaka 1985 akiwa na miaka kumi alikuwa na kumi na sita tu dola ilipovunjika. Hatujasikia mtu aliyemdai ahadi yake.