Nani Alipe Gharama ya Kungoja?

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Umoja wa Afrika Mashariki umekwama kati ya hizo mbili. Je, nchi ina wajibu wa kuwangoja majirani zake hata kama kungoja kunaiumiza?

Mwaka 1960 Julius Nyerere alitoa jibu lililowashangaza wengi. Alisema Tanganyika ilikuwa tayari kuchelewesha uhuru wake ili Kenya na Uganda ziifikie, kisha zote tatu ziwe huru zikiwa shirikisho moja. Aliona ni rahisi kuungana kabla kila nchi haijawa na bendera na vyeo vyake vya kulinda. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962 na Kenya Desemba 1963.

Wengi humsifu Nyerere kwa kupenda umoja. Kwa maoni yangu, uzito wa kauli yake uko kwingine. Hakumwambia jirani, "Ningoje." Alisema, "Nitakungoja." Alitaka gharama iangukie nchi yake mwenyewe. Hata hivyo, ambaye angeendelea kutawaliwa na gavana ni mkulima wa kawaida, na ridhaa yake ilikuwa haijaombwa. Kwa hiyo hata ukarimu wa kiongozi una mlipaji nyuma yake.

Swali hilohilo lilirudi katika mkataba wa biashara kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania chini ya Rais Magufuli ilikataa, ikihofia viwanda vyake vichanga, na Uganda nayo haikusaini. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini Tanzania na Uganda zimo katika kundi la nchi maskini zaidi, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haimo. Mwishoni mwa mwaka 2014, mazungumzo yalipochelewa, maua yake yalitozwa ushuru huko kwa takriban miezi mitatu. Aliyesema "tungoje" hakupoteza soko. Aliyengoja ndiye aliyekuwa hatarini kulipoteza. Desemba 2023 Kenya ilisaini mkataba wake peke yake.

Je, Kenya ilitusaliti? Sisi wa upande wa Uganda tungependa kujibu ndiyo. Mimi nasema hatuna haki ya kumdai jirani subira ambayo sisi hatuilipii. Lakini Kenya nayo haijamaliza deni lake. Soko letu ni la pamoja, na bidhaa ya Ulaya itakayoshuka bei Nairobi haitaishia Nairobi. Anayetangulia peke yake anawajibika kwa madhara yanayovuka mpaka, kama vile anayechelewesha anavyowajibika kwa hasara ya anayengoja.

Hapa Mulanda, wilayani Tororo, mpaka hauko mbali nasi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, uamuzi ulitoka ofisini Nairobi, lakini malori yalikwama mpakani. Katazo lililegezwa baada ya siku chache. Afya ya mlaji ni sababu nzuri, lakini hata sababu nzuri haimfidii mkulima ambaye gunia lake halikununuliwa.

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 unataja shirikisho la kisiasa kuwa lengo la mwisho. Marais wetu hulizungumzia kwa maneno ya undugu. Undugu huo ungepimwa kwa jambo moja: kabla ya kumwambia mwenzako angoje, au kabla ya kumwacha nyuma, umeshamwambia utabeba sehemu gani ya hasara yake?