Je, Kusifu Ndiko Kujua?



Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Nawauliza: je, anayekisifu kitu sana, amekijua? Hebu tutazame mfano mmoja kutoka Ulaya.

Katika karne ya 18 watu wa Ulaya waliigeukia upya sanaa ya Wagiriki wa kale. Waingereza wawili, James Stuart na Nicholas Revett, walikwenda Athens mwaka 1751 wakayapima majengo ya kale, na mwaka 1762 wakaanza kutoa vitabu vya michoro yake. Naye Mjerumani Winckelmann aliandika mwaka 1764 historia ya sanaa ya kale, akiusifu uzuri mtulivu usio na makuu. Basi watu wakayachoka mapambo mengi. Majumba ya serikali, benki na makumbusho yakapewa nguzo kama za mahekalu, na wachongaji wakachonga sanamu za marumaru nyeupe pe.

Lakini Winckelmann hakufika Ugiriki hata siku moja. Alisomea mambo haya Roma, na nyingi za sanamu alizozitazama zilikuwa nakala za Kirumi. Tena Wagiriki wenyewe walizipaka sanamu zao rangi, nyekundu na buluu, na nyingine wakazitia dhahabu. Rangi ziliondoka kwa mvua, jua na udongo wa miaka mingi. Weupe uliosifiwa ulikuwa uchakavu.

Kutojua si dhambi. Ubaya ni kung'ang'ania sifa baada ya kujua. Mabaki ya rangi yalikwisha kuonekana tangu karne ya 19. Hata hivyo, mwaka 1937 na 1938 baadhi ya sanamu za Parthenon zilizoko British Museum, London, zilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi. Ngozi ya juu ya jiwe ikapotea, wala haitarudi. Badala ya sifa kurekebishwa ifuate sanamu, sanamu zilirekebishwa zifuate sifa.

Nasi huwatendea watu vivyo hivyo. Mwalimu humsifu mtoto kwa upole wake, kisha humkemea siku anapouliza swali gumu. Mume humsifu mkewe kwa uvumilivu, kisha hukasirika anaposema amechoka. Sifa ya namna hii humkwangua mtu. Afadhali tufanye kama Stuart na Revett: twende tukatazame, tupime kwanza, ndipo tusifu.