Oili ikimwagwa baharini, nani anaombwa radhi?

Kijana mmoja wa Kimbiji alinibakiza baada ya darsa. Anafanya kazi katika mashua ya injini ya dizeli. Wakibadilisha oili, ile chafu huimwaga huko huko baharini. "Ustaadhi, hii nayo ni dhambi? Bahari si haina mwenyewe?"

Kisheria jibu halina utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga oili katika mazingira, na inamtaka mwenye chombo au anayekiendesha ayapunguze madhara. Kwa hiyo tajiri wa mashua asiseme yeye alikuwa nyumbani amelala. Lakini tusidanganyane, usiku kule nje hakuna askari. Ndiyo maana kijana hakuniuliza habari ya faini.

Maulamaa wametufundisha masharti ya toba: kuiacha dhambi, kujuta na kuazimia kutorudia. Ikiwa imegusa haki ya mja, linaongezeka la nne, nalo ni kumrejeshea haki yake au kumwomba radhi. Aliyeiba kuku anajua mlango wa kubisha hodi. Aliyemwaga oili je? Oili inaelea, inakwenda na mkondo. Inamfikia mama anayetafuta pweza mwambani wakati wa bamvua, na mvuvi wa mtumbwi asiye na injini kabisa. Atawaomba radhi wangapi? Bahari ina wenyewe, tena wengi mno kiasi kwamba hawapatikani wote, na hapo ndipo ilipo hatari.

Ndugu msomaji, katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu walio ndani ya jahazi, wa tabaka la chini wakitaka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo! Lakini wakiachwa, wote wanaangamia.

Nikamwambia kijana wabebe dumu, oili chafu irudi nayo pwani. Mtaani haikosi wa kuichukua, watu huipaka nguzo zisiliwe na mchwa.

"Na niliyokwishamwaga miaka yote?"

Nikamweleza kuwa maulamaa wamesema mwenye haki asipojulikana, hutolewa sadaka kwa niaba yake. Akauliza kiasi gani. Sikuweza kumtajia.